UZI: Gobore la gumegume linavyoundwa kutoka seti ya vipande, na la maonyesho tunavyolichonga hapa Dar

Seremala wa Keko (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kwenye ule uzi wa randa na patasi niligusia kwamba niliwahi kushiriki kuunda bunduki ya zamani ya kushindilia, gobore linalowasha baruti kwa jiwe la gumegume, nikiwa Marekani, na wengi mkaniomba nifungue uzi wake. Nimepata nafasi, naushusha taratibu. Wenye haraka mtanivumilia, kuna sehemu nitakaa sana.

Kwanza niweke wazi jambo moja tusije tukapotezana. Hapa kwetu gobore ni silaha kama silaha nyingine. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi haikuulizi kama limetoka kiwandani au kwa mhunzi wa kijijini. Kulitengeneza au kulimiliki bila leseni ni kosa, basi. Kwa hiyo humu hakuna somo la kutengeneza linalofyatua. Nitaeleza lile la Marekani lilivyokwenda, maana kule kazi hiyo ni halali, halafu nitaeleza la maonyesho nililochonga hapa Keko kwa ajili ya igizo la shule. Hilo mtutu wake ni mpingo mtupu, hauna tundu.

Msimamo wangu nausema mapema: kinachomtenga fundi na mbabaishaji kwenye bunduki hizi ni mbao. Chuma kinafika kimekamilika. Mbao inafika nusu, na ile nusu iliyobaki ndiyo kazi yenyewe.

Kijana wa Gerezani

Mkuu, nimeshakaa mkao wa kula. Ila mimi ni mtu wa chuma, ukisema kazi yote iko kwenye mbao tutavutana. Shusha nondo.

Binti Mzizima

Kaka, anza na hiyo seti yenyewe. Ndani ya boksi mnakuta nini hasa?

Seremala wa Keko

Dada yangu, ukifungua boksi unakuta kibao kirefu cha mti uitwao mepli, kimeshachongwa umbo la juu juu na mashine. Unakuta mtutu wenye pembe nane, urefu wa inchi 42 hivi, yaani zaidi kidogo ya mita moja. Unakuta mtambo wa kufyatulia umeshaunganishwa, kifyatulio, bamba la shaba la kitako, kilinda kifyatulio cha shaba, vibomba vya kushikilia mdeki (fimbo ya kushindilia), mdeki wenyewe wa mti wa hikori, na kimfuko cha skrubu na pini. Baadhi ya watengenezaji wa seti hizi wanajinadi kwamba kazi imeshafanyika asilimia tisini. Hizo kumi zilizobaki ndizo zinazokula miezi.

Bunduki yenyewe ni ile ndefu iliyozaliwa Pennsylvania. Mafundi wa Kijerumani na Kiswisi walihamia kule mwanzoni mwa karne ya 18 wakiwa na bunduki zao fupi, nene, za wawindaji wa misitu ya Ulaya. Walipofika, wakaanza kuzirefusha na kuzikondesha. Mtutu mrefu unaipa baruti nafasi ya kuungua vizuri kabla risasi haijatoka, na unarefusha umbali kati ya shabaha ya nyuma na ya mbele, vile vijipande vya kulengea juu ya mtutu, hivyo mlengaji anaona vizuri zaidi. Tundu likapungua, risasi yake ikawa ndogo, na mwindaji akaweza kubeba nyingi kwa uzito uleule. Mji wa Lancaster ulikuwa kitovu cha mafundi hao. Baadaye dunia ikaziita bunduki za Kentucky kwa sababu ya waliozibeba kwenda huko, lakini nyumbani kwake ni Pennsylvania, na wenyeji wa pale ukikosea wanakusahihisha palepale.

Mzee niliyefanya naye kazi alikuwa na karakana nyuma ya nyumba. Seti ilikuja kwa posta, ikawekwa mlangoni. Sheria yao ya mwaka 1968 inaziweka bunduki za mwaka 1898 kurudi nyuma, pamoja na nakala za kushindilia kwa baruti nyeusi, nje ya masharti mengi ya bunduki za kisasa. Majimbo mengine yana masharti yake juu ya hapo, lakini kwa jumla mtu mzima anaagiza kama anavyoagiza mashine ya kushonea.

Mpanda Daladala

Samahani mkuu, kwa hiyo mtu wa Mbagala akiagiza mtandaoni ikafika bandarini au uwanja wa ndege inakuwaje?

Seremala wa Keko

Usijaribu, ndugu yangu. Mtutu ni mtutu hata ukiwa umefungwa kwenye gazeti, na mlango ule wa Wamarekani kwenye sheria zetu haupo. Anayetaka silaha ya kweli aanzie kwenye leseni, kupitia ngazi zote za serikali ya mtaa na polisi, kabla hajagusa hata skrubu. Tusonge mbele.

Sasa kuzamisha chuma kwenye mbao. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Kibao kinakuja na mfereji wa mtutu umeshakatwa, lakini kwa makusudi umeachwa mwembamba kidogo. Mzee alikuwa anapaka mtutu rangi ya buluu wanayotumia mafundi mitambo. Mafundi wa zamani walitumia masizi ya taa, na mimi zamu yangu ilipofika nikatumia masizi hayohayo na tone la mafuta. Unapaka upande wa chini wa mtutu, safu nyembamba kabisa. Unaulaza mahali pake, unaugonga kwa nyundo ya mpira, unautoa. Kila palipogusa pamebaki doa jeusi. Hapo, na hapo tu, ndipo patasi inapita, na inatoa unga. Ukiona patasi inatoa maganda, umeshapitiliza. Unarudisha mtutu, unagonga, unatoa, unakwangua. Mchana unaisha na mtutu umeshuka milimita moja.

Mtu akipita nje ataona unarudiarudia kitu kilekile. Kwa macho ya fundi, yale madoa yanabadilika kila mara. Mwanzo yanakuwa mawili matatu, makubwa, kwenye kingo. Baadaye yanaanza kutawanyika. Siku mfereji wote ukitoka na vidoa vidogo vidogo vilivyoenea sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, unajua chuma na mbao vimekubaliana. Ukiugonga kwa kidole unatoa mlio mmoja, mzito, usio na mtetemo.

Sehemu ya kuogopa zaidi ni nyuma, pale kizibo cha mtutu kinapokaa na mkia wake unaoingia juu ya shingo ya kitako. Msukumo wote wa kurudi nyuma unatua pale. Kikikaa bapa, nguvu inagawanyika kwenye mbao yote. Kikigusa kona moja tu, mbao inaanza kupasuka kwenye kona hiyo na ufa unateremka kwenye shingo.

Halafu mtambo. Unaufungua wote, unabaki na sahani yake ikiwa tupu, bila springi wala kipande chochote. Sahani inazamishwa kwanza. Kisha unarudisha kipande kimoja kimoja, kila kimoja unakichimbia shimo lake chenyewe kwa masizi yaleyale. Springi kuu ina mfereji wake, nati ina kitundu chake. Fundi mvivu anachimba pango moja kubwa, mtambo wote unadumbukia humo, kwa nje unaonekana safi. Lakini mtambo umekaa juu tu ya shingo, na shingo ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote. Kila kibanzi unachokiacha mle ndani ni nguvu ya shingo. Ukikuta gobore la zamani limevunjika, iwe makumbusho ya kule au kwenye nyumba ya mtu huku kwetu, nenda moja kwa moja kwenye shingo. Mara nyingi utakuta limefungwa ngozi mbichi iliyoshonwa ikiwa imelowa, ikakauka na kubana mpaka imekuwa ngumu. Njia hiyo ilitumika mabara yote.

Kijana wa Gerezani

Hapo kwenye shimo la kila kipande nimekuvulia kofia, mkuu. Ila usitupite hivi hivi sisi wa chuma. Huo mtambo ukiwa chuma laini, mbao nzuri yote haina kazi. Cheche itatoka wapi?

Seremala wa Keko

Upo sahihi kabisa, na hili watu wengi hawalijui. Wanadhani cheche inatoka kwenye jiwe. Jiwe la gumegume haliwaki. Jiwe ni kisu. Limebanwa kwenye taya kwa kipande cha ngozi, linashuka kwa nguvu ya springi na kukwangua uso wa bamba la chuma lililosimama mbele yake. Linabandua vinyuzi vidogo sana vya chuma, na vinyuzi hivyo vinatoka na joto kiasi kwamba vikikutana na hewa vinawaka vyenyewe. Cheche ni chuma kinachoungua. Bamba lisipokuwa la chuma chenye kaboni ya kutosha, likazimishwa vizuri, yaani kuchovywa likiwa na moto, mpaka uso ukawa mgumu, jiwe linachimba tu bila kutoa kitu. Na likizidi ugumu bila kupashwa moto tena kidogo ili ugumu upungue, linapasuka.

Wakati huohuo bamba linarudi nyuma na kufunua kijibakuli kilichokuwa chini yake, ndimo mnamo baruti kidogo. Moto wa pale unapita kwenye kitundu cha ubavuni kwenda kwenye baruti kuu. Yote hayo kwa sehemu ndogo ya sekunde, na bado sikio la mzoefu linasikia milipuko miwili. Mtambo wa namna hii ulikamilishwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17 na ukadumu zaidi ya miaka mia mbili. Aliyeanza kuuondoa ni mchungaji wa kanisa huko Scotland, Alexander Forsyth, aliyepata hataza mwaka 1807 kwa wazo la kulipua kwa kugonga kemikali badala ya kukwangua chuma. Humo ndimo zilipotokea fataki za bunduki, vile vikofia vidogo vinavyolipuka vikigongwa.

Kwenye seti mtambo unakuja umeshazimishwa. Fundi anasafisha, anasugua sehemu zinazokutana, anajaribu cheche gizani. Kazi ya chuma iliyobaki kwake ni tupa. Mtutu unatoka kiwandani na mistari ya mashine kwenye zile pembe nane. Unaubana kwenye jiriwa, unashika tupa kwa mikono miwili ikiwa imelala kukatiza mtutu, na unaivuta kuja kwako kwa urefu wote bila kuitikisa. Ukiitikisa, zile kona kali zinakuwa mviringo na uzuri wote umekwenda. Vijana wa Gerezani mngeifanya kazi hiyo mmefumba macho.

Mwalimu wa Historia

Nimefuatilia uzi huu kwa furaha, naomba niongeze upande wangu, kwa sababu watu wanadhani magobore yalizagaa huku kwa bahati tu.

Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Wamarekani. Ndani yake kuna kifungu kinachotaja bunduki, baruti na risasi kwa jina: Unguja ziuzwe kwa serikali ya Sultani peke yake, lakini katika bandari zake nyingine ziuzwe bila kizuizi. Wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Marekani, walioleta vitambaa tulivyoviita merikani ndio haohao walioleta baruti na bunduki, wakirudi na pembe za ndovu na sandarusi. Ulaya ilipobadili silaha za majeshi yake katikati ya karne ya 19, gumegume za zamani hazikutupwa, zilipakiwa melini kuja Afrika. Na viwanda vya Birmingham na Liège viliendelea kuunda nyingine mpya kwa ajili ya soko hili. Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871, ruga-ruga wake, yaani wapiganaji wake, walikuwa na bunduki za aina hiyo.

Kisha likaja jambo zito. Mwaka 1890, kwenye Mkataba wa Brussels, mataifa makubwa yalikubaliana kuzuia silaha za kisasa zisiingie sehemu yote ya Afrika iliyo kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Kilichoachiwa, tena kwa kibali, ni bunduki ya gumegume yenye mtutu laini usio na mifereji ndani, pamoja na baruti ya kawaida. Mwafrika akafungiwa kwenye teknolojia ambayo kwa wenzake ilikuwa imestaafu. Miaka 15 baadaye, Agosti 30, 1905, wapiganaji wa Majimaji waliishambulia boma ya Mahenge wakiwa na mikuki na magobore, na Wajerumani na askari wao waliokuwa ndani walikuwa na bombomu, ile bunduki ya mkanda. Mwanafunzi akiniuliza kwa nini walishindwa, namwambia aanze kusoma Brussels kabla hajafika kwenye maji.

Seremala wa Keko

Mwalimu, umenigusa. Nimesoma mara mbili mbili.

Fikirieni kutoka upande wa mkono. Mtutu laini wa kushindilia, askari aliyefunzwa vizuri anapiga mara tatu kwa dakika. Kila mara anamimina baruti, anaweka risasi, anashindilia kwa mdeki, anajaza kijibakuli, anavuta nyuma, analenga. Mvua ikinyesha kijibakuli kinalowa. Mbele yake bunduki ya mkanda inamwaga mamia ya risasi kwa dakika hiyohiyo. Mtu anayeshika gobore akajua kila hatua inavyokula muda ndipo anaelewa walioikimbilia boma ile walikuwa na moyo wa namna gani. Mimi ndiyo sababu nilikubali kuchonga la igizo. Watoto walikuwa wanaigiza vita vile na fimbo za ufagio.

Mjukuu wa Liwale

Shikamooni wakubwa. Mimi kwetu kuna la babu, limewekwa darini toka sijazaliwa. Nikienda likizo nilifikiria nilishushe nilisafishe nililete Dar lining'inizwe sebuleni. Mnanishauri nini?

Seremala wa Keko

Marahaba mjukuu. Liache hapo lilipo, usiliguse kabisa. Nina sababu mbili.

Ya kwanza, baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi. Wazee wengi waliliweka gobore likiwa limeshindiliwa tayari kwa ajili ya nguruwe na ngedere wa shambani, na aliyeliweka hayupo tena wa kukuambia. Kule Marekani bunduki za miaka mia moja na zaidi hukutwa bado zina baruti ndani. Usilipige, usilitie moto, usilichokonoe kwa waya, usichungulie mdomoni mwa mtutu.

Ya pili ni ileile sheria. Jeshi la Polisi hutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na magobore huwa miongoni mwa silaha zinazosalimishwa. Mwambie mwenye nyumba azungumze na mwenyekiti wa kijiji, watoe taarifa kituoni, polisi walifuate wenyewe. Usipande nalo basi! Na kama familia inaona lina historia, iulize kuhusu kulipeleka makumbusho. Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, na hapa Dar Makumbusho ya Taifa yapo Mtaa wa Shaaban Robert. Kabla ya yote kaa na wazee uandike lilinunuliwa wapi, nani alilibeba, liliwindia nini. Chuma kinaweza kwenda, habari zake zibaki kwenu.

Mjukuu wa Liwale

Nimeelewa babu, asante sana. Nampigia baba mdogo leo.

Fundi wa Buguruni

Seremala mwenzangu, umetaja mpingo. Mtutu wa mpingo wa mita nzima umeupata wapi? Mpingo haunyooki huo. Na kitako umetumia nini, mninga au mkongo? Hapa tutagombana.

Seremala wa Keko

Tugombane tu, fundi.

Mpingo wa mita moja ulionyooka sikuupata, na sikutegemea kuupata. Nilichukua vipande viwili kwa wachongaji wa Mwenge, nikaviunga kwa mkato wa mshazari mrefu, gundi, na pete ya shaba juu ya kiungo, mahali ambapo bunduki za kweli nazo huwa na pete au pini. Nikaupiga randa pembe nane. Mpingo huu ukiutupa majini unazama, ule uzito wake mkononi unamdanganya mtu kwamba ameshika chuma. Rangi haihitaji, umeshakuwa mweusi wenyewe. Mdomoni nimechimba kidogo kama kina cha kifundo cha kidole, basi, ili jukwaani uonekane. Mtambo ni bapa la shaba lenye taya isiyocheza, imefungwa kwa skrubu kutoka ndani. Hakuna springi.

Kitako ni mninga. Najua hoja ya mkongo: mgumu, mzito, mchwa haugusi. Lakini mkongo nyuzi zake zinapishana, patasi ikiingia huku inang'oa kule, na kwenye kuzamisha sahani nilitaka kingo kali zisizobanduka. Mninga unakatika laini, na sifa yake kubwa ni kwamba ukishakauka hautembei, haupindi wala kusinyaa ovyo. Wazungu walipenda mjozi kwenye vitako vya bunduki kwa sifa hizohizo. Ila jifunge kitambaa puani, vumbi la mninga linawakamata baadhi ya watu kifua.

Jambo la lazima kuliko aina ya mti ni nyuzi za shingo. Kabla hujakata, chora umbo la gobore kwenye karatasi, ulikate, ulizungushe juu ya ubao mpaka nyuzi zipite shingoni kwa urefu, zikifuata mteremko wa kitako. Nyuzi zikikatiza shingo kwa mshazari, hata kama ubao una michoro ya kupendeza kiasi gani, uache utengeneze droo. Pale Keko nilipekua rundo zima la mbao mwenye duka akaanza kuniangalia vibaya.

Fundi wa Buguruni

Hapo kwenye nyuzi sina ubishi. Kwenye mkongo nabaki pale pale. Mkongo uliokaushwa kivulini miaka miwili, patasi iwe imenolewa vizuri, unachongeka.

Seremala wa Keko

Uliokaushwa kivulini miaka miwili sawa, nakubali. Tatizo ni kuupata, wengi wanauza mbao bado inalia maji.

Na hilo linanipeleka kwenye unyevu, maana Dar ni pwani. Kule Pennsylvania majira ya baridi nyumba zinapashwa joto, hewa inakauka, mbao inasinyaa. Kiangazi inavimba tena. Bunduki ndefu ya namna ile mbao yake inafunika mtutu mpaka karibu na mdomo, na vimeshikwa na pini nyembamba zinazopita kwenye masikio madogo ya chuma chini ya mtutu. Chuma hakijui masika wala kiangazi. Mbao inajua. Ukitoboa sikio tundu la duara linalobana pini, siku mbao ikitaka kusogea itakosa pa kwenda, itapasuka kwenye pini. Kwa hiyo mafundi wanatumia tupa ndogo kulirefusha tundu la sikio kidogo sana, kufuata urefu wa mtutu. Pini inabana juu na chini, mbele na nyuma ina nafasi. Kwa nje huoni kitu.

Nilipochonga langu nilifanya vilevile, ingawa mtutu ni mbao, kwa sababu mpingo na mninga havivimbi sawa. Masika ya kwanza yamepita na pini hazijasukumana.

Binti Mzizima

Kaka, na rangi? Yale ya Wamarekani kwenye picha kitako kina mistari ya giza na mwanga, kama vile kinacheza ukigeuza.

Seremala wa Keko

Hiyo mistari ni ya mti wenyewe, mepli iliyokua na nyuzi za mawimbi. Ikiwa haijapakwa ni nyeupe, huoni sana. Mafundi wa zamani waliyeyusha chuma kwenye asidi ya nitriki, wakapaka maji yake kwenye mbao, wakaipitishia chuma chenye moto karibu bila kuigusa. Mbele ya macho yako mbao inageuka kijani chafu, halafu ghafla kahawia yenye wekundu, na mistari inajitokeza. Ni kazi ya nje, kwenye upepo, na glovu, mvuke wake ni sumu. Mninga hauhitaji lolote kati ya hayo, ukiupaka mafuta wekundu wake unatoka wenyewe.

Mtutu wa chuma nao kule hawaupaki rangi, wanauachia kutu. Wanaufuta mafuta yote, wanaupaka dawa, wanauning'iniza kwenye kabati lenye maji ya moto upate unyevu, wanasugua kutu laini inayoota, wanarudia mpaka inakuwa ngozi ya kahawia iliyotulia, kisha wanaizima kwa maji ya magadi. Hapa Dar kabati lisingehitajika.

Mafuta niliyotumia ni ya kitani yaliyochemshwa, yanauzwa maduka ya rangi. Msasa mpaka namba 320, futa na kitambaa chenye maji ili nyuzi zisimame, kikauke, msasa tena bila kukandamiza. Halafu matone machache ya mafuta, unayasugua kwa kiganja mpaka unahisi joto. Acha mpaka kesho yake, urudie. Safu nyembamba nyingi. Ukipaka nene inabaki inanata wiki nzima na vumbi lote la Keko linahamia humo. Vanishi ya kung'aa sikuitaka, jukwaani inarudisha mwanga wa taa na watu wanaona plastiki.

Kijana wa Gerezani

Na siku ya igizo mlilipitishaje barabarani?

Seremala wa Keko

Shule iliandika barua, tukaipeleka kituo cha polisi cha karibu pamoja na gobore lenyewe likiwa kwenye boksi. Walilishika, wakaangalia mdomo wa mtutu, wakapiga muhuri nakala yetu. Likaenda na gari la shule, likarudi na gari la shule, na sasa linakaa kabatini kwa mwalimu mkuu. Yeyote atakayechonga la namna hii afanye hivyo. Kwa mbali mpita njia hawezi kujua kama ni mpingo.

Binti Mzizima

Nimejifunza mengi, Mungu akubariki. Swali la mwisho: hivyo vitambaa vya kupakia mafuta ya kitani unaviosha au unatupa?

Seremala wa Keko

Swali zuri, dada, nilikuwa nalisahau kuliandika. Usivikunje ukavitupa pembeni. Mafuta ya kitani yakikauka yanatoa joto, na kitambaa kilichofumbwa kinalifungia ndani mpaka kinawaka chenyewe, bila kibiriti. Kwenye karakana yenye unga wa mbao sakafuni hiyo ni nyumba nzima kuungua. Vitandaze nje kimoja kimoja juu ya waya au zege mpaka viwe vigumu kabisa, au vizamishe kwenye ndoo ya maji kabla hujafunga karakana.